Mtoto akiomba upinde: Wawindaji wa Marekani wanavyorithisha mchezo wao

Ukiwa mzazi unayeishi Lexington au Louisville, jimboni Kentucky nchini Marekani, usishangae mwanao akirudi nyumbani na karatasi ya kukuomba ruhusa afundishwe kulenga shabaha kwa upinde na mshale. Si mzaha. Katika shule nyingi za huko hilo ni somo la kawaida la michezo, na hufundishwa ndani ya ukumbi wa shule mchana kweupe.

Miji hiyo ina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa za Wakongomani waliofika huko kama wakimbizi. Mzazi aliyekimbia vita akisikia kwamba mwanawe atakabidhiwa silaha shuleni, moyo lazima umwende mbio. Hata sisi tuliobaki huku tungeuliza: upinde wa nini kwa mtoto wa miaka 10?

Kuna sababu, na inaanzia kwa wawindaji wenyewe.

Wawindaji wa Marekani wana tatizo ambalo fundi seremala, mkulima au mvuvi yeyote wa hapa kwetu atalielewa upesi. Wazee wanachoka, watoto hawafuati. Utafiti wa serikali kuu ya nchi hiyo wa mwaka 2016 ulikuta wawindaji wapatao milioni 11.5, wakati miaka mitano kabla walikuwa milioni 13.7. Familia zimehamia mijini, mashamba yamekuwa mitaa ya nyumba, na kijana ana simu mkononi. Baba anapoacha kwenda porini kwa sababu ya magoti, hakuna anayelichukua podo lake.

Wanaotumia upinde ni sehemu tu ya kundi hilo, ila ndio wanaonivutia mimi kama mwandishi wa afya. Mwenye bunduki anaweza kumpiga mnyama akiwa mbali sana. Mwenye upinde kwa kawaida husubiri mnyama awe umbali wa mita 20 au 30, na hapo lazima awe ametulia, anajua upepo unakotoka, na ana mkono usiotetemeka. Ni mchezo wa subira, na subira haifundishwi kwa video ya dakika moja. Lazima mtu mzima akae na mtoto.

Daktari na mgonjwa wake

Mchezo wenyewe, kwa sura yake ya sasa, ulizaliwa hospitali. Mwaka 1911 mwanamume mmoja alitokea karibu na mji wa Oroville, California, akiwa peke yake na amedhoofika kwa njaa. Alikuja kuitwa Ishi. Alikuwa wa mwisho wa watu wa Yahi, kabila lililomalizwa kwa mauaji na maradhi baada ya walowezi kuvamia ardhi yao. Alipelekwa San Francisco kuishi kwenye jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha California, na jirani hapo kulikuwa na hospitali ambako daktari wa upasuaji, Saxton Pope, ndiye aliyekuwa akimtibu.

Mgonjwa akamfundisha daktari. Ishi alimwonyesha Pope namna ya kuchonga upinde, kunyoosha mshale, kunyata na kuita mnyama. Ishi alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1916, lakini Pope aliendelea, na mwaka 1923 akatoa kitabu kuhusu uwindaji wa upinde ambacho wengi wanakitaja kama chimbuko la mchezo huu Marekani. Yeye na rafiki yake Art Young walifika hadi Tanganyika mwaka 1925 kuwinda simba kwa mishale. Chama kilichoanzishwa mwaka 1961 kuwaunganisha wawindaji wa upinde kimebeba majina ya hao wawili, Pope na Young.

Jina la Ishi halimo kwenye jina la chama. Kwa maoni yangu, mzazi anayemfundisha mwanawe mchezo huu angeanza na hadithi hiyo nzima, pamoja na sehemu yake chungu, kabla hata ya kumpa upinde.

Mwaka 1934 jimbo la Wisconsin lilitenga msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde, wa kwanza kisheria nchini humo. Katika miaka ya 1960 fundi mmoja, Holless Wilbur Allen, akabuni upinde wenye magurudumu kwenye ncha zake, ambao ukishavutwa hadi mwisho uzito unapungua mkononi. Ghafla watu wasio na misuli ya mkulima waliweza kuushika upinde na kulenga bila kutetemeka. Wawindaji wakaongezeka. Kisha ikaja miaka ya kupungua, na hapo ndipo Kentucky inapoingia.

Filimbi mbili, filimbi moja

Mwaka 2002 idara ya wanyamapori ya Kentucky, pamoja na idara ya elimu na kiwanda cha pinde cha Mathews, ilianza kujaribu somo la upinde katika shule 21. Mpango huo, unaofahamika kwa kifupi kama NASP, sasa umeenea katika majimbo mengi na umevuka mipaka hadi Canada na Afrika Kusini. Unawalenga wanafunzi wa kuanzia darasa la nne hadi mwisho wa sekondari.

Waliobuni mpango walifanya jambo moja la busara sana: hawakuanza na uwindaji. Mtoto hafundishwi kumlenga mnyama. Analenga karatasi yenye duara za rangi, umbali wa mita 10, baadaye 15. Wote hutumia upinde wa aina moja, mwepesi, unaoweza kuvutwa na mtoto mdogo au kijana mrefu bila kurekebishwa urefu, hivyo mtoto wa tajiri hana cha kujivunia mbele ya mwenzake. Na mshale wake una ncha butu ya kuchomea shabaha tu, hauna makali ya kuwindia.

Ukumbi unaongozwa kwa filimbi. Zikilia mbili, watoto wanachukua pinde na kusogea kwenye mstari. Ikilia moja, wanaweza kuanza. Zikilia tatu, na pinde zote zimeshawekwa chini, wanatembea kwenda kuchomoa mishale. Hapo hakuna kukimbia. Zikilia tano au zaidi, kuna hatari na kila mtu anaacha alichokuwa anafanya. Mwalimu naye haruhusiwi kufundisha hadi apate mafunzo yake.

Kwa mtoto asiye na mbio, asiyeitwa kwenye timu ya mpira, hapa ana nafasi. Huhitaji kuwa mrefu wala mwenye nguvu. Wasichana na wavulana husimama mstari mmoja. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu naye anaweza kulenga kutoka mstari uleule, na sijui ni michezo mingapi ya shule inayoweza kusema hivyo.

Wengi wa watoto hao hawatawinda maishani mwao. Wawindaji wenye akili wanalijua hilo na hawalalamiki. Wachache watauliza swali la pili, na mzazi aliyekuwa akiogopa upinde atakuwa ameshauona kwa macho yake ukitumika kwa adabu.

Fedha inakotoka

Marekani ina sheria ya mwaka 1937 inayotoza ushuru wa asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi zake, na fedha hiyo inakwenda moja kwa moja kutunza wanyamapori. Mwaka 1972 sheria ikapanuliwa kugusa vifaa vya upinde. Tangu ushuru huo ulipoanza kutozwa, kila upinde wa kuwindia unaouzwa dukani unachangia utafiti wa wanyama, ununuzi wa maeneo yao na mafunzo ya usalama kwa wawindaji wapya.

Mgawo wa kila jimbo unakokotolewa kwa kuangalia ukubwa wa eneo lake na idadi ya watu waliolipia leseni ya kuwinda. Kwa hiyo leseni zikipungua, idara ya wanyamapori inapigwa mara mbili: ada yenyewe inapungua, na mgawo nao unaweza kupungua. Ndiyo maana hata mpenda ndege asiyekula nyama ana sababu ya kujali kama mtoto wa jirani yake ataendelea kuwinda.

Mwaka 2023 mambo nusura yaharibike. Mwaka mmoja kabla, baada ya mauaji ya watoto shuleni Uvalde, Texas, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya usalama iliyokuwa na kipengele kinachokataza fedha fulani za elimu kutumika kumfundisha mtu matumizi ya silaha hatari. Wizara ya Elimu ikakisoma kipengele hicho na kuona kwamba kinagusa hata somo la upinde na mafunzo ya uwindaji. Vyama vya wawindaji, walimu na wazazi wakapaza sauti. Baraza la Wawakilishi likapiga kura 424 kwa 1 kurekebisha sheria hiyo, Seneti ikakubali, na Oktoba mwaka huohuo Rais Joe Biden akasaini.

Katika nchi ambayo vyama viwili haviwezi kukubaliana hata juu ya mvua kunyesha, hilo si jambo dogo. Lilitokea kwa sababu kulikuwa na wazazi wengi wasiowinda ambao tayari watoto wao walikuwa na alama zao za upinde ukutani. Jamii ya wawindaji peke yao isingefika 424.

Hatari iko juu ya mti

Sasa nije kwenye eneo langu. Ukimuuliza mzazi anaogopa nini kuhusu uwindaji wa upinde, atasema mshale. Kumbe kinachowaumiza vibaya wengi wao ni kuanguka.

Wawindaji wa upinde hupenda kukaa kwenye dungu lililofungwa mtini, mita kadhaa kutoka ardhini, ili mnyama asiwaone wala kunusa harufu yao. Mtu huamka usiku wa manane, anapanda mti gizani, mikono imekufa ganzi kwa baridi, amevaa nguo nzito. Anateleza. Madaktari wa majimbo yenye wawindaji wengi wanazifahamu vizuri picha za mgongo uliovunjika zinazoingia hospitali kila msimu. Kuna wanaorudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu, na kuna wasiorudi.

Kinga yake inajulikana na si ghali ukilinganisha na upinde wenyewe. Ni mkanda wa usalama unaoshika mwili mzima, mabegani, kifuani na mapajani, uliofungwa kwenye kamba ya mti tangu mguu unapoacha ardhi hadi unaporudi. Mkanda wa kiunoni peke yake haufai, kwa sababu ukianguka unaweza kukubana usiweze kupumua. Upinde haupandishwi mkononi. Unauacha chini, unapanda, kisha unauvuta kwa kamba. Na mtu wa nyumbani anajua uko mti gani na unarudi saa ngapi.

Hata ukiwa na mkanda mzuri, kuning'inia muda mrefu ni hatari, maana damu inabaki miguuni na moyo unakosa ya kusukuma. Wakufunzi wanasisitiza kuwa na kamba ya kukanyagia ili miguu ipate kazi hadi msaada ufike.

Nikiulizwa jamii hii ifanye nini ili ikue, nitaanza hapa kabla ya mashindano na fulana. Mke aliyemuuguza mume aliyevunjika uti wa mgongo hatamruhusu mwanawe apande mti, na mtoto aliyeshuhudia baba akipanda bila mkanda ataiga hivyohivyo.

Kwa mtoto, dungu lisubiri. Kuna vibanda vya turubai vinavyosimamishwa chini, ambamo mzazi na mtoto wanaweza kukaa bega kwa bega, wakanong'ona na kula biskuti.

Anza na jicho

Kabla ya kununua upinde, mpime mtoto jicho linaloongoza. Mwambie anyooshe mikono mbele, aunganishe viganja viache tundu dogo, kisha atazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili. Mfumbe jicho moja baada ya jingine. Jicho linaloendelea kukiona kitu hicho ndilo linaloongoza. Watoto wengine huandika kwa mkono wa kulia na jicho linaloongoza ni la kushoto. Hao wakipewa upinde wa mkono wa kulia hukosa shabaha kila siku na kuamini kwamba hawawezi.

Kosa la pili la akina baba ni upinde mzito. Mtoto akilazimika kuunyanyua juu kuelekea angani ndipo auvute, upinde huo si wake. Mabega yake bado yanakua, na maumivu ya wiki ya kwanza yanatosha kumfukuza moja kwa moja. Bora upinde unaoonekana wa kitoto, naye auvute polepole akiwa ameketi kitini, bila kukunja uso.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hawana ratiba ya somo la upinde. Mtoto wa kiume hupewa kaupinde angali mdogo, akajifunza akicheza na wakubwa kidogo kuliko yeye, akikosa mara nyingi na bila mtu kumfokea. Nadhani hapo kuna kitu ambacho klabu nyingi za Marekani zimekigundua kwa kuchelewa: mtoto huwafuata watoto wenzake kuliko anavyomfuata mzee mwenye medali.

Kisha kuna suala la kuua. Mshale wa kuwindia una makali kama wembe na mnyama hufa kwa kutoka damu. Ukipigwa mahali sahihi ni jambo la muda mfupi. Ukipigwa vibaya, mnyama anakimbia na mateso yake. Mtoto asimlenge mnyama hadi aweze kupiga palepale mara kwa mara kwa umbali huo, na mzazi awe tayari kurudi nyumbani mikono mitupu siku kumi mfululizo. Mtoto akisema hataki kupiga, basi hataki. Akilia baada ya kupiga, asichekwe.

Nyama mezani

Kulungu mmoja ni nyama ya familia kwa miezi. Wawindaji wa Kentucky, kama wa majimbo mengine, wana utaratibu wa kuchangia nyama hiyo kwa watu wasio na chakula. Hakuna tangazo zuri kwa mchezo huu kuliko sahani ya mtu mwenye njaa.

Upinde una faida moja hapa. Kiswahili chetu kinaita risasi ya bunduki na madini ya risasi kwa jina moja, na hakikukosea: risasi nyingi za kuwindia zina madini hayo, na zikimpiga mnyama hutawanya vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwaka 2008 jimbo la North Dakota liliagiza vituo vya kugawa chakula vitupe nyama ya kulungu iliyochangwa baada ya vipande hivyo kukutwa ndani yake. Madini ya risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Mshale hauna hayo.

Lakini kuna ugonjwa usiochagua silaha. Kulungu wa Marekani wanashambuliwa na maradhi ya ubongo yanayowakondesha hadi kufa, yanayojulikana kwa kifupi CWD, na Kentucky ilimkuta kulungu wa kwanza mwenye ugonjwa huo Desemba 2023. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuugua kwa kula nyama yake. Hata hivyo, mamlaka za afya za nchi hiyo zinashauri mnyama apimwe katika maeneo yenye ugonjwa, na akikutwa nao asiliwe. Kupika hakusaidii. Kwa mama mwenye watoto wadogo ningesema subiri majibu, hata kama jirani anacheka.

Ugomvi wa ndani

Wawindaji wa upinde nao wana maneno. Wa upinde wa mti wanawaona wa magurudumu kama wadanganyifu. Wote wawili wanaungana kuwanunia wanaotumia upinde wenye kitako na kifyatulio kama cha bunduki, ambao majimbo mengi sasa yanauruhusu katika msimu wa upinde. Hoja zao nyingine zina maana, kwa sababu kifaa chepesi kinaongeza watu porini na kulungu hawaongezeki kwa agizo. Ila mzee wa miaka 70 aliyechanika msuli wa bega, au binti mwenye ulemavu wa mkono, hana njia nyingine ya kuendelea. Mgeni anayefika klabu mara ya kwanza akakuta watu wakibishana nani ni mwindaji wa kweli, harudi.

Akina mama ndio mlango ambao haukufunguliwa kwa muda mrefu. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichoko Stevens Point kilianzisha mafunzo ya mwisho wa juma kwa wanawake, wafundishwe kuvua, kuwinda na kulenga shabaha bila mtu wa kuwacheka, na majimbo mengi yakaiga. Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Mama akijua, watoto wote wa nyumba wamejua.

Kwa msomaji wa huku kwetu

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania haumruhusu mtu kuwinda bila kibali. Kwa hiyo usimchukue mwanao porini na upinde kwa sababu umesoma ukurasa huu.

Tulikuwa na wawindaji wa upinde hodari kuliko Pope. Waata wa nyika ya Kenya, ambao wengi waliwaita Waliangulu, walivuta pinde nzito kiasi cha kumwangusha tembo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwasaka na kuwafunga kama majangili wakati wa kuilinda Tsavo. Tembo walihitaji ulinzi, hilo sibishi. Ila Waata hawakupewa leseni wala msimu, na ujuzi ule ukakosa mtoto wa kuupokea.

Kilicho wazi kwetu leo ni kulenga shabaha kama mchezo. Shehzana Anwar, mwanamke anayelenga kwa upinde, ndiye aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Ukipata klabu karibu nawe, nenda kwanza bila mtoto. Tazama kama kuna mstari wa kusimamia, kama nyuma ya shabaha kuna wavu au ukuta wa udongo, na kama anayefundisha anatumia filimbi na watu wanaitii. Muulize mara ya mwisho mtu aliumia lini, na walifanya nini baada ya hapo.